Kibao cha Mbuzi Ndani ya Kabati la Kioo

Wivu mie nnao, sikatai. Wengine wanao wakaufunika kwa tabasamu na mashallah tatu. Wangu hukaa usoni, na mama yangu huuona kabla sijavua viatu mlangoni. Kwa hivyo nasimulia kama ilivyokuwa, na mwenye kunicheka anicheke.

Mdogo wangu, ambaye nimempita miaka kumi na moja, ana mwanawe anayesoma Ulaya. Kila likija joto la Maskati, lile la kuunguza kitasa cha mlango wa gari, yeye na mumewe hufunga nyumba yao wakenda kukaa kwa mtoto miezi mitatu. Mji wenyewe sitautaja. Umeshatajwa vya kutosha nyumbani kwetu, hauhitaji msaada wangu. Mimi hubaki hapa Al Khuwair, mtaa wetu wa Maskati, na mama, na kiyoyozi, na dawa za presha asubuhi na jioni. Nilistaafu serikalini, watoto wangu wameshaoa, mume alishatangulia mbele ya haki, na mama magoti yamemkataa. Basi tumekuwa wawili, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu na mimi nyuma nasukuma.

Kila siku baada ya sala ya alasiri simu hulia. Mama hujua kabla haijalia, maana huwa keshaitisha miwani. Miwani hiyo ilinitia uchungu mie! Nikimwonesha kitambaa nilichomshonea, atakipapasa tu aseme, “Kizuri.” Nikimwekea sahani mbele, atakula bila kuitazama. Lakini simu ya mdogo wangu ikikaribia, “Nletee miwani yangu, upesi, mtoto atapiga.” Mtoto! Mtoto mwenyewe ana mvi anazipaka hina.

Na huyo mtoto, badala ya kumwonesha mama misikiti na bustani kama watu wengine, alikuwa na ugonjwa wa majumba ya makumbusho. Tena si yale ya kawaida ya mataji na mapanga. Yeye alitafuta ya ajabu. Siku moja aliingia makumbusho ya mazishi, akamwonesha mama jeneza la zamani lenye kamba ndani iliyofungwa kengele juu, ili mtu akizikwa kwa makosa akaamka, avute. Mama alicheka mpaka machozi. “Na nani atakuwa macho makaburini kumsikia?” Siku nyingine jumba la saa, saa mia na zaidi, zote zinagonga adhuhuri lakini hakuna mbili zinazokubaliana. Mara nyumba iliyojengwa kichwa chini, mtu anatembea darini, meza na makochi yananing'inia juu yake. “Na choo?” mama akauliza. “Na choo, mama!” Mara akatuambia kwamba kule watu hupanga foleni kushuka chini ya ardhi kutembezwa kwenye mifereji ya maji machafu. Nikasema kwa sauti nikiwa jikoni, “Hapa mfereji wetu ulifurika mwaka juzi, mbona hakuna aliyekuja kuutembelea?” Hawakunisikia, au walijifanya.

Halafu kulikuwa na jumba la matufe ya dunia, hayo ya kuzungushwa kwa kidole, moja kubwa kama tangi la maji. Mdogo wangu akaitafuta Unguja, akaikuta ndogo, ukucha wake unaifunika yote. Mama akasema, “Iguse tena.” Mtu yuko Ulaya anaigusa Unguja kwenye tufe, na mimi niko hapa namkanda miguu, na machozi ya mama yanakwenda kwenye simu.

Wageni wakija, maana kwetu hakuna jioni isiyo na mgeni, mama huwapa hadithi zote hizo. “Mwanangu kaona saa mia. Mwanangu kaona nyumba kichwa chini.” Mwanangu huyo ndiye yule. Mimi niliyeshika birika la kahawa na sahani ya tende nilikuwa “hebu mmiminie mgeni.”

Nikasema, na mie nna mji. Asubuhi moja nikamvisha mama abaya yake nzuri, nikamtia garini, nikampeleka makumbusho makubwa ya hapa hapa Maskati. Jengo linang'aa, baridi tele, sakafu laini kiti kinateleza chenyewe. Nikamsimamisha mbele ya vyetezo vya kale vya kufukizia udi. Mama akavitazama, bila miwani, kwa kuwa hakuitaka. Akasema, “Hivi si kama vile vyetu vya sebuleni? Vimekosa nini hata vikafungiwa?” Msimamizi aliyekuwa karibu alikuwa wa kwetu, maana alimwelewa Kiswahili chake, akaangua kicheko. Tulipofika kwenye mapambo ya fedha mama alikuwa keshasinzia. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, “Saa ngapi? Tusije tukapigiwa tukawa hatupo.” Nikamrudisha. Njia nzima sikusema naye, na yeye hata hakujua kama sisemi naye.

Basi siku ikafika mdogo wangu akapiga akiwa anahema. “Mama, leo nimeingia pahala pa ajabu kuliko pote, na hakuna dhahabu hata chembe!” Akatutembeza. Ilikuwa nyumba kongwe, vyumba vinne vidogo, na ndani ya makabati ya kioo kulikuwa na vitu vya watu wa kawaida. Sufuria iliyofungwa waya mpini. Fagio. Kijiko cha mtoto mchanga chenye alama za meno. Kila kitu kimeletwa na mwenyewe, pamoja na maneno yake aliyoyasema kwa lugha yake mwenyewe. Unavaa visikilizio unamsikia, na tafsiri imeandikwa karatasini pembeni. “Wana vitu vya kila nchi,” mdogo wangu akasema, “lakini kutoka kwetu hawana hata kimoja. Nimewaahidi.”

Kabla sijavuta pumzi mama akajibu, “Wape kibao changu cha mbuzi.”

Kwa nyinyi mliokulia kwenye tui la pakiti, kibao cha mbuzi ni kile kiti kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma kwa mbele, una meno kuzunguka ncha. Unakikalia, unashika kizio, nusu ya nazi, kwa mikono miwili, unakuna. Cha kwetu mama alikuja nacho kutoka Unguja, kakifunga kwa kanga, wakati wenzake walifunga dhahabu na picha. Na mimi ndiye niliyekikalia. Nilianza nna miaka kumi na moja, hapa hapa Maskati, mama akiwa na mimba ya huyu huyu mdogo wangu, daktari kamwambia alale asinyanyue hata kikombe mpaka ajifungue. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, vyote vilipita mikononi mwangu. Mdogo wangu kazaliwa mnono kwa tui langu! Siku hizi bega limeharibika, tunatumia pakiti, na kibao kinakaa rafu ya juu stoo. Lakini kilikuwa changu. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakukuwa na haja ya kusema.

“Mama,” nikasema, “kibao?”

“Kinakaa tu. Nani anakitumia?”

“Mimi.”

“Wewe unakata pakiti kwa mkasi.”

Kwenye simu mdogo wangu akacheka. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Mdogo wangu akaja kwa ajili ya Idi, wiki moja tu. Siku ya pili yake akataka kurikodi maneno ya mama. Nikaleta kiti, nikakaa. Mama akanitazama, akasema, “Tuachie chumba kidogo, mwanangu.” Ndiyo siku aliyoniita mwanangu, kwa kunitoa! Nikasimama ukumbini na sinia la kahawa mkononi, mlango umefungwa mbele yangu, nyumba ambayo mimi ndiye ninayeifagia. Kwanza nikasikia kicheko. Halafu sauti ya mama ikashuka, ikawa ndefu, ya taratibu, sikuipata hata neno. Mdogo wangu alipotoka macho yalikuwa mekundu, akanipita bila kunitazama. Nikajisemea, haya, washapeana siri zao, na kahawa imepoa, na mie ni mtu wa sinia. Sijapata kumwonea mtu kijicho kama siku ile, na mtu mwenyewe nilimbeba mgongoni.

Asubuhi yake nikawaambia nakwenda kununua dawa ya mama, nikaendesha mpaka mtaa wa Ruwi. Karibu na stendi ya mabasi kuna duka la mama mmoja wa Tanga, anauza vitu vya Bara: unga wa sembe, dagaa, vitenge, mafuta ya nazi.

“Shikamoo mama,” akanisalimu.

“Marahaba. Kibao cha mbuzi unacho?”

“Mbuzi ya kukunia nazi? Ipo, mama, imebaki moja tu. Jamani, siku hizi watu wote wanataka tui la kopo, wewe unataka kukuna! Una ugeni nini nyumbani?”

“Nna mwizi,” nikamjibu. Hakuelewa, akacheka kwa heshima, akanifungia kwenye gazeti.

Sasa kazi. Kibao kilikuwa kipya, cheupe, kinanuka msumeno. Wenyewe wawili wakilala mchana, mimi niko juu ya nyumba kwenye tangi la maji nakipiga msasa, nakipaka chai ya rangi iliyokolea, nakipaka mafuta ya nazi, nakigonga kwa funguo za gari pembeni. Chuma nikakisugua kwa ndimu na chumvi, nikakiacha kishike kutu. Halafu jua. Jua la Maskati kwa siku tatu linafanya kazi ya miaka thalathini. Nilijua hilo kutokana na uso wangu. Mwisho nikakikalia nikasukasuka, mwanamke mzima, mjukuu ninaye, abaya nimeikunja magotini, natokwa jasho juu ya dari nikizeesha ubao. Nikacheka peke yangu. Kisha nikalia kidogo, halafu nikashuka kutia wali.

Siku ya safari nikamkabidhi mdogo wangu kibao kile cha Ruwi. Akakishika kwa mikono miwili, akakibusu! Akasema, “Dada, nakumbuka ulivyokuwa ukikuna.” Akakizungushia magauni yake akakitia kwenye sanduku. Nilikaa namtazama nikasema moyoni, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kibao usichokikalia hata ubadilishiwe hutajua. Hakujua. Hakutazama hata chini ya chuma. Chenyewe cha mama kilikuwa chini ya kitanda changu, kimefungwa kwa kanga yake ile ile.

Nilidhani ntafurahi. Nilifurahi siku mbili. Baada ya hapo nilikuwa nikifagia chumba changu sifiki uvunguni.

Miezi ikapita, na mwaka ule mdogo wangu alikaa Ulaya mpaka baridi ikaingia. Alasiri moja mdogo wangu akapiga. “Leo wamekiweka! Mama, miwani unayo?” Mama alikuwa nayo tangu adhuhuri. Nikasimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha maji na vidonge, kama kawaida yangu.

Kikatokea. Kabati la kioo, taa juu yake, kitambaa cheusi chini, na katikati kibao changu cha Ruwi kimekaa kwa adabu zote. Kulikuwa na watu, mzee mmoja na mkewe waliovaa makoti, na msichana mwenye begi. Mdogo wangu akasema, “Subirini muisikie,” akakiweka kisikilizio karibu na simu. Sauti ya mama ikatoka kule Ulaya, ikaingia sebuleni kwetu, na mama mwenyewe amekaa anaisikiliza.

“Kibao hiki mie nimekileta tu kutoka Unguja,” sauti ilisema. “Mwenyewe ni mwanangu mkubwa. Nlikuwa na mimba ya mdogo wake, nimeambiwa nisiinuke. Yeye mtoto bado. Akawa ndiye mama wa nyumba. Siku moja alijikata, jeraha kubwa, hapa kwenye kiganja. Akalifunga kitambaa akaficha mkono nyuma, kwa sababu aliogopa mie nikiona ntainuka kitandani, na nikiinuka mtoto atatoka. Akaniambia, mama, nimeungua kidogo tu. Nkamwambia haya. Alipokwenda chuoni kusoma Kurani nkajiburuta mpaka jikoni, nkakiosha mie. Chuma kilitakata. Ubao haukutakata. Damu yake imeingia pale, chini ya chuma, doa liko mpaka leo, mtaliona. Kwetu sie mtu hamshukuru mwanawe usoni, utamtisha, ataona unamuaga. Basi nawaambia nyinyi msiomjua. Mtoto yule ndiye aliyetuweka hai, mie na mdogo wake. Litazameni doa.”

Nilikuwa nimekikunja kiganja changu cha kushoto. Kovu liko pale, dogo, la mviringo, miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua lilitoka wapi.

Na kule kwenye simu, jamani, wale watu wenye makoti walikuwa wamesoma karatasi yao, na sasa wameinama. Mzee kapiga magoti kabisa. Mkewe kavaa miwani. Wanatafuta damu yangu kwenye ubao wa dukani niliokuwa nimeupaka chai. Msichana akasogea upande mwingine wa kioo, akainamisha kichwa, akatafuta na yeye. Walikuwa na subira, hawakuondoka.

“Ajabu,” mdogo wangu akasema, “na mimi silioni hilo doa. Mama, lilikuwa upande gani?”

Mama akaivuta simu karibu. Akarekebisha miwani. Alikitazama kile kibao muda mrefu. Nikajua kaona. Mwanamke yule alikiosha kibao chenyewe kwa kujiburuta na mimba yake, utamdanganya kwa majani ya chai?

“Liko,” mama akasema. “Hizo taa zao tu, zinapiga vibaya.”

“Aa, ndiyo, taa,” mdogo wangu akasema, akashuka moyo kidogo, akatuaga.

Mama akaiweka simu mapajani. Hakugeuka.

“Kiko wapi?”

“Uvunguni kwangu.”

“Kilete.”

Nikakileta, nikapiga magoti mbele yake, nikakifungua kanga. Akapitisha kidole gumba chini ya chuma mpaka kikasimama pahala pake. Doa lenyewe ni jeusi, dogo, miaka yote nililiona nikadhani ni la moto.

“Mama, ntampigia nimwambie,” nikasema. “Ntakipeleka mwenyewe. Nimefanya…”

“Usimwambie. Alilia sana siku ile tuliporikodi, aliona haya. Alisema hajakikalia hata mara moja, na kisa kilikuwa ni yeye. Wale wa makumbusho wana maneno. Maneno yanawatosha.”

Nikataka kumwomba radhi, na kumuuliza, na kumlaumu pia, kwa nini aliwaambia watu wa makoti kabla yangu. Wivu wangu haufi ovyo. Dakika ile ile nilikionea kijicho kibao cha Ruwi, kilichokaa kwenye kioo kinaambiwa maneno yangu mbele za watu. Lakini mama hakunipa nafasi.

“Nazi ipo?”

“Haipo. Iko ya pakiti.”

“Nenda kanunue. Leo nnataka wali wa nazi ya kukuna.”

“Bega langu, mama.”

“Taratibu. Hatuna safari.”

Nikaenda dukani kwa Mhindi wa kona, nikarudi na nazi mbili. Nikazivunja, nikakikunjua kibao sebuleni, juu ya zulia, maana jikoni kiti cha mama hakipiti. Kibao kilikuwa kimeshika umbo langu la zamani, na sasa hakinitoshi. Bega likalia nilipokuna mara ya kwanza. Nikainamisha uso kwenye kizio ili asiuone.

“Ngoja,” mama akasema.

Nikangoja. Miwani ilikuwa imemteremka puani wakati wa simu. Akaivua, akaipangusa kwa ncha ya ushungi wake, upande huu na upande huu, akaivaa tena sawasawa.

“Haya, kuna,” akasema. “Usijikate.”